Kiungo kidogo cha cheni: Tukichague vizuri, tukifunge salama



Safari hii tutazungumza juu ya kitu kidogo sana. Ukikiangusha kwenye nyasi unaweza kukitafuta nusu saa usikipate, na dukani bei yake ni kama ya chai na mandazi. Lakini pikipiki nzima, dereva, abiria na mzigo wote vinakitegemea. Ni kile kiungo kinachounganisha ncha mbili za cheni ya pikipiki. Wengi wetu tunakiita loki ya cheni.

Nitaanza na jambo lililonipata mwenyewe. Nilikuwa nimepandishwa pikipiki ya kikundi kimoja cha akina mama, tukienda kwenye mkutano wao. Njia yenyewe ni kama njia zetu nyingi za hapa: unateremka hadi mtoni, unavuka daraja, halafu unapanda kilima kati ya mashamba ya chai. Tukiwa katikati ya kilima nilisikia mlio, "kach!", na pikipiki ikakosa nguvu. Injini ilinguruma bure. Tukaanza kurudi nyuma. Kijana alikanyaga breki na kushika ile ya mkono, mimi nikarukia mtaroni. Nilichubuka goti tu.

Tuliporudi kutazama, cheni ilikuwa imejikusanya mbele kwenye gia ndogo na imepasua kava ya injini. Nikamwuliza, "Kijana wangu, hii cheni ilikuwa na shida?" Akajibu kwa haya, "Mzee, ile klipu ilipotea wiki iliyopita. Fundi akaweka waya kidogo, akasema itashika tu."

Haikushika. Kikundi kilinunua cheni, kava na oili mpya. Pesa zilitoka kwenye mchango wa mzunguko wa mwezi ule, na mama ambaye zamu yake ilikuwa imefika alingoja mwezi mzima zaidi kununua tangi lake la maji. Na hiyo ni hasara ndogo. Tungekuwa tunateremka kuelekea mtoni, pengine nisingekuwa na nafasi ya kuandika makala hii.

Kwa hivyo, wacha tujifunze pamoja. Mwenye pikipiki asome, dereva asome, na hata mama asiyeendesha asome, kwa sababu yeye ndiye anayekaa nyuma.

KWA NINI CHENI ZETU HUTESEKA

Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, bodaboda zimeenea kila kijiji. Hapa Kericho na Bomet pikipiki hubeba majani chai hadi kituo cha kupimia, hubeba mikebe ya maziwa, mbolea na watoto wa shule, na usiku hubeba mgonjwa hadi Tenwek, Kaplong au Litein. Vikundi vingi vimenunua pikipiki kama mradi wa pamoja.

Lakini nchi yetu ya chai ni ngumu kwa cheni. Kwanza, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na maji huosha oili. Pili, udongo wetu mwekundu ukilowa hushika kwenye cheni, na ukikauka unasaga chuma kama msasa. Tatu, ni milima na mabonde. Kila unapopanda na mzigo, cheni huvutwa kwa nguvu nyingi. Kila unapoteremka ukitumia gia kupunguza mwendo, cheni huvutwa kwa upande wa pili.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui. Ukiteremka, injini husaidia kuzuia pikipiki kupitia cheni. Cheni ikikatika, msaada huo unaisha papo hapo, na unabaki na breki peke yake. Zaidi ya hayo, cheni iliyokatika inaweza kujifunga kwenye gia na kuzuia gurudumu la nyuma lisizunguke kabisa. Pikipiki huteleza na kuanguka.

KIUNGO HIKI KINAFANYA KAZI GANI?

Cheni ya aina hii si jambo la jana. Hans Renold, aliyefanya kazi Manchester huko Uingereza, aliiandikisha kama uvumbuzi wake mwaka 1880, na mpaka leo umbo lake ni lile lile. Imeundwa kwa pingili nyingi. Kila pingili ina mabamba mawili, kushoto na kulia. Pingili nyembamba ya ndani hufuatwa na pingili pana ya nje, halafu ya ndani tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Zinashikana kwa pini za chuma kigumu.

Pini za pingili za kawaida zimegongwa vichwa kiwandani, hazifunguki kwa mkono. Lakini lazima kuwe na mahali pa kufungulia cheni ili iingie kwenye pikipiki. Hapo ndipo kile kiungo kinapohitajika. Kina sehemu tatu:

1. Bamba la nyuma lenye pini mbili. Kila pini ina mkato mdogo unaoizunguka karibu na ncha yake.
2. Bamba la mbele lenye matundu mawili. Hili huvishwa kwenye pini hizo.
3. Klipu nyembamba ya chuma cha springi. Hii huingia kwenye ile mikato na kulizuia bamba lisitoke.

Tazama klipu vizuri. Ina umbo la samaki. Upande mmoja umefungika na ni wa mviringo: hicho ni kichwa. Upande mwingine uko wazi, umegawanyika mara mbili: huo ni mkia. Kumbuka samaki huyu, tutamrudia.

Sasa basi, watu husema, "Hii klipu ni nyembamba hivi, itawezaje kuvuta pikipiki?" Kwa kweli haivuti. Wanaovuta ni pini na mabamba mawili. Kazi ya klipu ni moja tu: kulishikilia bamba la mbele mahali pake. Klipu ikitoka, bamba hutembea polepole na mtikisiko mpaka linaanguka. Baada ya hapo mzigo wote unavutwa na upande mmoja. Pini zinapinda, kiungo kinafunguka, na cheni inaachana. Inaweza kuchukua siku kadhaa au dakika chache.

Ndiyo sababu waya au msumari haufai. Waya hauna nguvu ya springi na haujazi ule mkato. Ukisuguliwa mara elfu kwa siku, unakatika.

KUCHAGUA KIUNGO DUKANI

Usiende dukani ukasema tu, "Nipe loki ya pikipiki." Utapewa iliyo karibu na mkono wa mwuzaji. Fanya hivi:

Kwanza, soma namba ya cheni yako. Futa pingili moja kwa kitambaa chenye mafuta taa, utaona namba imepigwa kwenye bamba. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia 428 au 428H. Baadhi ya pikipiki ndogo hutumia 420, na baadhi ya kubwa hutumia 520. Tarakimu ya kwanza inaeleza umbali kutoka pini hadi pini. Nne ni sehemu nne za nane za inchi, yaani nusu inchi au milimita 12.7. Tano ni sehemu tano za nane za inchi, karibu milimita 15.9.

Pili, namba yote ifanane, pamoja na herufi. Hapa ndipo watu hudanganyika. Kiungo cha 420 na cha 428 vina umbali sawa kati ya pini, kwa hivyo ukivitazama haraka ni kama ndugu. Lakini cha 420 ni chembamba, pini zake hazifiki kwenye cheni ya 428. Na hata 428 na 428H si kitu kimoja. Herufi H inaonyesha mabamba mazito zaidi, na pini zake ni ndefu kidogo. Ukiweka kiungo cha 428 kwenye cheni ya 428H, bamba la mbele litaziba mikato na klipu haitaingia sawasawa. Ukifanya kinyume chake, patabaki nafasi na bamba litacheza. Vyote viwili ni hatari.

Tatu, kama unaweza, nunua kiungo cha kampuni ile ile iliyotengeneza cheni yako. Ukinunua cheni mpya huwa inakuja na kiungo chake. Tumia hicho.

Nne, kichunguze kabla ya kulipa. Mikato ya pini iwe na kingo kali, isiwe kama iliyolambwa. Klipu iwe bapa, isiyopinda, isiyo na kutu. Mabamba yawe na unene sawa na ya cheni yako. Bamba likiingia kwa kubana kidogo, hiyo ni dalili njema kuliko lile linaloanguka lenyewe ukigeuza mkono.

Tano, usinunue klipu iliyotumika. Klipu ikifunguliwa hupungukiwa nguvu ya kushika. Kila ukifungua cheni, weka klipu mpya. Na kama pini zimekwisha, badilisha kiungo kizima.

Kuna cheni nyingine zenye vipete vidogo vya mpira kati ya mabamba, vya kuhifadhi grisi. Kama yako ni hiyo, kiungo chake lazima kiwe na vipete vinne vya mpira. Usivitupe ukidhani ni vya kufungia tu. Pikipiki kubwa za mwendo kasi mara nyingi huwa na kiungo cha kugongwa vichwa badala ya klipu. Hicho kinahitaji kifaa maalum, kwa hivyo mpelekee fundi aliye nacho.

JE, CHENI YENYEWE BADO NI NZIMA?

Hakuna faida ya kuweka kiungo kipya kwenye cheni iliyochoka. Pima hivi. Ivute cheni inyooke, kisha pima kwa rula kutoka katikati ya pini moja, uhesabu pingili 20, hadi katikati ya pini ya 21. Kwa cheni ya 428 au 420 iliyo mpya utapata milimita 254. Ikifika 259, imerefuka kwa asilimia 2, na imekwisha. Pima mahali pawili au patatu, kwa sababu cheni haichakai sawasawa.

Tazama pia meno ya gia. Yakiwa yamechongoka kama meno ya papa au yameinamia upande mmoja, gia imekwisha. Nunua cheni na gia zote mbili pamoja. Cheni mpya kwenye gia mbovu huharibika upesi, na pesa zako zimeenda bure.

Nitaje desturi moja ambayo imetuumiza wengi. Skrubu za kukazia cheni zikifika mwisho, fundi hukuambia, "Tukate pingili tuendelee." Ndugu zangu, cheni haikurefuka kwa bahati mbaya. Imerefuka kwa sababu pini na bushi zake zimelika ndani. Ukikata, umeficha ugonjwa, hujautibu. Pia pingili za ndani na za nje hupishana, kwa hivyo idadi yake lazima igawanyike kwa mbili. Fundi akitaka kuongeza nusu pingili ili ifike, kataa.

KUFUNGA: HATUA KWA HATUA

Utahitaji koleo lenye mdomo mwembamba, spana za ekseli na za skrubu za kukazia, bisibisi bapa, brashi, mafuta taa, oili na kitambaa. Vaa miwani kama unayo, kwa sababu klipu huruka kama panzi na inaweza kuingia jichoni.

1. Egesha pikipiki mahali pa tambarare kwa stendi ya katikati. Zima injini, toa ufunguo, uweke mfukoni mwako. Weka gia huru. Usifanye kazi yoyote kwenye cheni injini ikiwaka. Vidole vimekatwa hivyo, hata vya mafundi wazoefu waliokuwa wakipangusa cheni kwa kitambaa.

2. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka kiungo kifike kwenye gia kubwa ya nyuma. Meno ya gia yatazishika ncha za cheni zisianguke.

3. Toa klipu ya zamani. Iizibe kwa kidole au kitambaa, kisha usukume mkia wake kwa koleo au bisibisi kuelekea upande wa kichwa. Ondoa bamba, halafu sukuma pini zitoke kwa nyuma.

4. Safisha ncha mbili za cheni kwa mafuta taa na brashi, uzikaushe. Paka pini mpya oili au grisi.

5. Ingiza kiungo kipya kutoka ndani, yaani kutoka upande wa gurudumu kuja nje kwako. Klipu lazima iwe upande wa nje, unapoweza kuiona kila siku.

6. Vika bamba la mbele. Likibana, lisukume pole pole kwa koleo, pini kwa pini, zikienda sawa. Usigonge kwa nyundo moja kwa moja. Simama mara tu mikato yote miwili inapoonekana wazi. Ukisukuma kupita hapo, pingili itabana na kukataa kukunjika.

7. Sasa tumrudie samaki wetu. Samaki huogelea kichwa kikiwa mbele, na klipu ni hivyo hivyo. Kichwa, yaani ule upande uliofungika, kielekee kule cheni inakokwenda. Cheni ya juu hutoka nyuma kwenda mbele kwa injini, kwa hivyo kiungo kikiwa juu, kichwa kitazame mbele. Kiungo hicho kikifika chini, utaona kichwa kinatazama nyuma. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Kama umechanganyikiwa, zungusha gurudumu kwa mkono kama pikipiki inakwenda mbele, utazame: kichwa kitangulie. Sababu yake ni hii. Jiwe au kava likigonga kichwa, klipu husukumwa izidi kukaa. Likigonga mkia, klipu husukumwa nje.

8. Laza klipu kwenye mikato. Taya moja la koleo liwe mgongoni mwa kichwa cha klipu, la pili likae kwenye pini iliyo upande wa mkia. Bana polepole mpaka usikie "tak!".

9. Kagua. Je, klipu imeingia kwenye mikato yote miwili? Je, imelala bapa? Ijaribu kwa ukucha na kwa bisibisi bila kutumia nguvu. Isicheze. Kunja kiungo kwa vidole, kikunjike kwa urahisi kama wenzake. Kikiwa kigumu, kuna kosa, rudi nyuma.

ULEGEVU NA UNYOOFU

Kazi haijaisha. Cheni iliyokazwa mno huumiza pini, beringi na kiungo. Ukipakia mzigo, gurudumu la nyuma hupanda na cheni huzidi kubana, kwa hivyo cheni inayoonekana imekaza vizuri ikiwa tupu inaweza kuwa kama kamba ya gitaa ikibeba magunia mawili. Iliyolegea mno nayo hupiga kava na kuruka kutoka kwenye gia.

Pima katikati ya cheni ya chini. Isukume juu na chini kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mchezo wa sentimita 2 hadi 3 unafaa. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu. Zungusha gurudumu upime mahali kadhaa, na urekebishe ukitumia mahali palipobana zaidi.

Kisha tazama alama zilizo karibu na ekseli, kushoto na kulia. Zilingane. Gurudumu likikaa upande, cheni hukimbia kwa kujisugua kwenye gia, na klipu inaweza kusuguliwa hadi itoke. Mwisho kaza nati ya ekseli barabara, rudisha kava ya cheni, na ujaribu breki ya nyuma kabla ya kutoka.

Kuhusu kava: wako wanaoiondoa eti inapiga kelele. Msifanye hivyo. Leso, shuka ya mtoto au koti la mvua la abiria likiingia kwenye cheni, humvuta mtu kabla dereva hajajua.

UKAGUZI WA KILA ASUBUHI

Kabla ya kuwasha injini, dereva ainame, azungushe gurudumu, atafute kiungo. Klipu ipo? Imelala? Kichwa kinatangulia? Kuna pingili iliyokwama au kutu nyekundu kwenye pini? Haichukui hata dakika mbili.

Mvua ikinyesha au ukivuka tope, safisha cheni jioni kwa mafuta taa na brashi, ikaushe, kisha upake oili upande wa ndani ukizungusha gurudumu kwa mkono. Oili ya gia namba 90 inafaa kwa cheni ya kawaida. Ile oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ni ya bure, lakini ina masizi na vumbi la chuma. Usitumie petroli kusafishia. Inawaka haraka, hasa kama jiko la mkaa liko karibu.

CHENI IKIKATIKA NJIANI

Ukisikia mlio na injini ikakosa nguvu, achilia mafuta, kamata klachi, na ufunge breki kwa utaratibu ukielekea kando. Abiria ashuke. Usijaribu kuwasha na kwenda na cheni inayoning'inia.

Ukiwa na kiungo cha akiba na cheni haijaharibika, unaweza kufunga papo hapo. Lakini jiulize kwanza ni nini kilichokatika. Kama ni klipu iliyotoka, sawa, funga kiungo kipya na ukague baada ya mwendo mfupi. Kama ni pingili ya kawaida iliyopasuka, cheni nzima imechoka. Kuiunga kwa kiungo cha pili ni kwa ajili ya kurudi nyumbani polepole, bila abiria wala mzigo. Si ya kufanyia kazi kesho.

KIKUNDI KIKUBALIANE

Nilirudi kwa wale akina mama miezi michache baadaye. Hawakumfukuza kijana. Walikaa wakajiuliza: yeye alijua klipu imepotea, fundi alijua, lakini mwenye kitabu cha pesa hakujua. Kijana aliogopa kuomba pesa za kiungo kwa sababu kila shilingi ilihitaji mkutano. Basi walibadilisha mambo manne, na nadhani vikundi vingine vinaweza kuiga:

- Kuna kopo dogo chini ya kiti lenye kiungo kizima cha akiba, klipu mbili, koleo na kitambaa. Kikitumika kimoja, mweka hazina ananunua kingine siku hiyo hiyo.
- Dereva ana ruhusa ya kununua vitu vidogo vya usalama bila kungoja mkutano, mradi alete risiti.
- Namba ya cheni na tarehe iliyofungwa vimeandikwa kwenye daftari la pikipiki.
- Mwanachama yeyote anayepanda ana haki ya kuuliza, "Umeangalia klipu leo?" Dereva hakasiriki.

Mwenyekiti wao aliniambia, "Sasa hata nyanya wa miaka sabini anajua samaki anatazama wapi." Na yule mama wa zamu alipata tangi lake. Liko nyumbani kwake, limejaa maji ya mvua.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Pikipiki yetu ina cheni ya namba gani? Nani anaweza kwenda kuisoma sasa hivi?
2. Cheni yetu imefika milimita ngapi kwa pingili 20?
3. Je, dereva wetu anaweza kusema kuna kitu kimeharibika bila kuogopa kulaumiwa?
4. Tuna kiungo cha akiba? Kama hatuna, nani atakinunua, na lini?

Mkishajibu swali la nne, tokeni nje wote pamoja mkaitazame ile klipu. Msomaji mmoja aliyesoma hadi hapa awaonyeshe wengine.